Mikono Nyuma

Nisikilizeni mimi mwenyewe, maana kuna watu wameshaitembeza hii habari huku wakiitia chumvi. Mimi na mke wa mwanangu hatupatani. Hatukupatana alipoletwa nyumbani, hatukupatana alipojifungua, na siku ile ya mashindano pale chamani hatukusalimiana hata kwa kope. Anayesema nina chuki naye hajakosea. Anayesema nilimharibia kazi kwa makusudi, huyo aje aniambie uso kwa uso.

Chama chetu cha wafumaji kiko juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Unapanda ngazi za chuma za nje, unaingia chumba kirefu chenye vitanda vya kufumia kumi na viwili, sita huku na sita huku, na njia ya katikati ambayo watu wawili wanene hawapishani. Vumbi la pamba linakaa juu ya kila kitu, hata ndani ya kikombe ukikiacha wazi. Chini wanakata mabati, juu sisi tunapiga kitana kusukuma uzi ukae. Mgeni akiingia anaziba masikio. Mimi nimefuma pale miaka ishirini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo nimefundisha darasa la Jumamosi.

Darasa la Jumamosi ni la wanaoanza. Wanakuja watu wa kila namna, wengine wametumwa na mashirika, wengine wamefukuzwa na upweke wa nyumbani. Wiki sita. Siku ya kwanza nawaambia: mtande ni nyuzi zinazokaa, mshindio ni uzi unaotembea, na balaa lote linatoka kwa hizo zinazokaa. Kila uzi wa mtande unatungwa kwanza kwenye kitanzi chake cha kuuinua, halafu kwenye pengo lake la kitana, mmoja mmoja, mpaka ziishe zote. Ukikosea mmoja, kitambaa kizima kinakuumbua. Na nataka muandike hili: hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kushuka zile ngazi na kitambaa kibovu mkononi. Hakuna!

Mume wangu alipofariki, kulikuwa na asubuhi nyingi ambazo sikuona sababu ya kuvaa viatu. Jumamosi nilivaa. Sitafuti huruma ya mtu, naeleza tu nilikuwa nagombania nini.

Sasa, ukutani pale, juu ya mlango, waanzilishi waliandika kwa rangi nyekundu: MWALIMU, MIKONO NYUMA. Ndiyo kanuni ya zamani kuliko zote pale chamani. Mwalimu akifundisha asimame na mikono mgongoni. Mdomo ruhusa, macho ruhusa, lakini kitanda cha mwanafunzi asikiguse. Mimi kanuni hiyo niliisoma siku ya kwanza na nikaipuuza siku ya pili. Mtu ametunga uzi vibaya, unauona, unakera kama punje ya mchanga ndani ya jicho, halafu usimame tu unamtazama? Mkono wangu unakwenda. Sekunde mbili, uzi umekaa sawa, tunaendelea. Wanafunzi waliniita Mama Vidole, na nilidhani wananisifu.

Basi siku moja Mwenyekiti akaniita. Mwenyekiti wetu alikuwa mkunga kabla ya kustaafu, mwanamke mfupi, hana maneno mengi, na akikuangalia unahisi anakupima njia. Alikuwa na daftari la mahudhurio mbele yake.

"Mwaka jana wamepita kwako watu thelathini na mmoja," akasema. "Wangapi wamerudi kuja kufuma wenyewe?"

"Watu wa siku hizi wavivu."

"Sijauliza hilo. Wangapi?"

Alikuwa anajua, mimi nilikuwa najua, na daftari lilikuwa linajua.

"Hakuna hata mmoja," akasema. "Mwaka juzi vilevile. Kuna mtu ameomba darasa hilo apewe yeye. Kamati imeona si vibaya."

"Nani huyo?"

"Mkweo."

Ala! Nilicheka. Nilidhani ananitania. Mke wa mwanangu, yule niliyemshika mkono nikampandisha ngazi zile, nikamkalisha, nikamfundisha miaka minne mpaka akapata cheti, cheti chenye saini yangu mimi chini yake! Leo anafuma kitanda namba tisa, anauza shuka zake, halafu anakuja kunivua nguo mbele ya kamati!

"Amesema nini kingine?" nikauliza, maana nilijua hakuishia kuomba tu.

Mwenyekiti akafunga daftari. "Amesema Mama hafundishi watu, anafundisha mikono yake mwenyewe."

Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara na kila aliyenipigia honi nilimjibu. Tunaishi ua mmoja, wao vyumba vya mbele, mimi vya nyuma, kamba ya nguo katikati. Nilimkuta anaanika nepi.

"Kumbe mimi sijui kufundisha," nikasema.

Hata hakushtuka. Akabana nepi na kibanio, akachukua nyingine. "Sikusema hujui kufuma, mama."

"Nani alikutoa ushamba? Ulikuja hapa hujui hata kufunga fundo!"

"Na ndiyo maana naomba nafasi. Ili wengine wajue kulifunga."

"Nafasi yangu!"

"Ni nafasi ya chama," akasema, kwa ile sauti yake ya upole inayonipandisha mori kuliko matusi. Mwanangu, ambaye ni seremala, alikuwa amesimama mlangoni anasikia kila neno. Akatoa bisibisi mfukoni akaanza kukaza bawaba ya mlango usiokuwa na kasoro yoyote. Baba yake naye alikuwa hivyohivyo, ugomvi ukianza anaona kazi.

Kamati ikaamua tushindanishwe kwa njia ya zamani. Kila mmoja apewe mwanafunzi mmoja asiyejua chochote, amfundishe Jumamosi sita, na ya saba wanafunzi wote wawili watunge mtande wao wenyewe mbele ya wanachama na kufuma shibiri moja. Mwalimu asimame nyuma, mikono mgongoni. Kitanda kitakachoguswa na mkono wowote usio wa mwanafunzi kimekufa, kinatolewa. Kitambaa kilichonyooka ndicho kinachoamua darasa ni la nani.

Mimi nilipewa kinyozi. Mtu mrefu, mlalamishi, kila dakika mgongo unamuuma, lakini vidole vyake vilikuwa vimezoea vitu vidogo. Mke wa mwanangu akapewa mpishi wa shule, mama mwenye mikono mizito iliyoungua hapa na pale, mcheshi, anayecheka hata akikosea. Nilimwona nikasema moyoni, ushindi huu hapa.

Tatizo lilikuwa mikono yangu. Jumamosi ya kwanza niliigusa kazi ya Kinyozi mara tatu kabla ya saa nne, na kila mara Mwenyekiti alikohoa kutoka upande wa pili wa chumba. Mke wa mwanangu alikuwa amesimama kwenye kitanda cha jirani, mikono yake imetulia mgongoni utadhani askari wa gwaride, akamwambia Mpishi kwa sauti ya kunifikia: "Wewe huna wasiwasi, dada. Hapa utaguswa na maneno tu."

Mpishi akacheka. Nikatamani nimrushie bobini ya uzi.

Jumamosi ya pili nilikuja na dawa. Nilikata uzi wa pamba, nikamwambia Kinyozi anifunge vidole gumba nyuma ya mgongo.

"Mama, hii ni adhabu au mafunzo?" akauliza.

"Funga, acha maneno."

Basi nikasimama hivyo, nimefungwa kama mwizi, na nikateseka. Wallahi niliteseka. Kinyozi akatunga uzi kwenye kitanzi kisicho chake, nikamwambia umekosea, akauliza wapi, nikasema tazama, akatazama, hakuona. Zamani ningekuwa nimeshamaliza. Sasa ilinibidi nitafute maneno, na maneno sikuwa nayo, maana miaka yote vidole ndivyo vilivyokuwa vinasema. "Hesabu kutoka kushoto," nikamwambia. "Hapana, anza tena. Weka kidole hapo. Uzi unatoka wapi? Unakwenda wapi?" Saa nzima kwa uzi mmoja! Nilitokwa jasho kuliko yeye. Nilimtukana, akanitukana, akasema ataacha aende zake akanyoe watu wanaokaa kimya. Hakuacha. Jumamosi ya tano alitunga nyuzi sitini bila kuniuliza lolote, nami nikabaki nimesimama pale sina kazi, nikijisikia vibaya kidogo.

Upande wa pili wao walikuwa wanacheka. Mke wa mwanangu ana mdomo mzuri, hilo simnyimi. Anaeleza kitu kikaeleweka. Nilimsikia akisema maneno yangu yote, moja baada ya jingine, mtande unakaa, mshindio unatembea, balaa linatoka kwa zinazokaa, kama vile aliyazaa yeye. Mwizi hana haya.

Siku ya mashindano walikuja wanachama wote, wakakaa kwenye mabenchi ukutani. Mwanangu naye alikuja, akakaa karibu na mlango, mahali ambapo mtu anaweza kutoka haraka. Kila mwanafunzi alipewa mtande wa nyuzi mia moja na ishirini, za kijivu na za kahawia. Mwenyekiti akakumbusha kanuni, halafu akaongeza moja ambayo ilikuwa haijatumika miaka mingi: mwanachama atakayegusa kitanda cha upande wa pili kwa hila, anafutwa chamani. Alipolisema hilo, macho ya watu yalinielekea mimi. Nikayarudishia.

Kinyozi alianza. Mimi nyuma yake, vidole gumba vimefungwa. Alifika katikati akakosea kitanzi kimoja, nikauma ulimi. Akatunga nyuzi mbili zaidi, akasimama, akarudi, akahesabu kutoka kushoto akinong'ona, akalitoa kosa lake mwenyewe. Sikuwa nimesema neno. Alipofunga fundo la mwisho mbele nilipitisha macho kwenye nyuzi zote mia na ishirini na hakukuwa na mmoja uliokaa vibaya. Nilitaka kupiga vigelegele. Akakaa vizuri, akakanyaga vikanyagio, nyuzi zikafunguka safi, akaanza kufuma. Nikajua nimeshinda, darasa ni langu, na nikazungusha vidole mpaka ule uzi ukakatika nipate kupumua.

Hapo ndipo nikatazama upande wa pili.

Mpishi alikuwa amemaliza kutunga na anakusanya nyuzi za mbele azifunge. Na katikati ya vitanzi na kitana, upande wa kulia, nyuzi mbili zilikuwa zimepishana. Wa kijivu umeingia kwenye pengo la wa kahawia, wa kahawia kwenye pengo la wa kijivu. Ni kosa dogo sana kulitazama. Lakini akikanyaga, pale nyuzi zisingeachana, mshindio ungeruka, na ungebaki mstari wa kovu kutoka mwanzo wa kitambaa mpaka mwisho. Nilimtazama mke wa mwanangu. Ametulia, mikono mgongoni, anatabasamu. Nikasema moyoni, ameliona, anaomba tu tusilione sisi.

Nilifurahi. Sioni haya kulisema. Nilifurahi mpaka tumboni. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama tu, kutofanya chochote kwa dakika tano, na darasa langu nimelipata mbele ya macho yake. Mpishi akashika kifungu cha nyuzi, akaanza kuzivuta zikaze. Zikikazwa na kufungwa, basi tena. Zile nyuzi mbili zikajivuta, zikasuguana pale zilipopishana, na mimi nikaziona zinavyosuguana.

Mkono wangu ukaenda.

Sijui niwaeleze vipi. Sikuamua. Nilivuka ile njia nyembamba hatua moja, nikachukua sindano ya ndoano juu ya boriti ya kitanda, nikachomoa wa kijivu, nikachomoa wa kahawia, nikazirudisha kila mmoja kwake. Sekunde mbili. Mpishi alikuwa bado ameshika kifungu chake, ananitazama mdomo wazi.

Chumba kikalipuka. "Amegusa! Amegusa!" Mwanamke mmoja wa benchi la nyuma akasimama juu ya benchi kabisa apate kuona vizuri aibu yangu. "Kamharibia mkwewe! Si nilisema? Chuki ile!" Mwanangu alikuwa ameshafika mlangoni, halafu akarudi, na alinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa naye.

"Nimerekebisha!" nikapaza sauti. "Kulikuwa na nyuzi zimepishana! Nimemnyooshea!"

"Ziko wapi?" Mwenyekiti akauliza.

Nikatazama kitanda. Kimenyooka. Hakikuwa na kosa hata la dawa. Ushahidi wangu wote nilikuwa nimeufuta kwa vidole vyangu.

"Muulizeni mwalimu wake," nikasema. "Ameliona. Alikuwa amesimama hapo muda wote. Wewe binti, waambie!"

Mke wa mwanangu alikuwa amebadilika rangi. Machozi yalikuwa karibu, ya hasira. "Sikuona kosa lolote," akasema. "Zilikuwa sawa."

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Zilikuwa sawa, mama! Umeniua mbele za watu, sasa unataka na kunisingizia!"

Watu wakaanza kupaza sauti nifutwe hapohapo. Nikaona miaka ishirini na sita inashuka ngazi. Mwenyekiti akapiga meza mara moja kwa kiganja, wakanyamaza. Akamwambia Mpishi aende akakae. Akatuamuru wote tugeukie ukuta, hata Kinyozi, ambaye alilalamika kwamba yuko katikati ya mstari. Tulisikia ndoano ikigonga kitana, mara mbili tatu. Akasema tugeuke.

"Nimepishanisha nyuzi mbili," akamwambia mke wa mwanangu. "Zionyeshe."

Mimi niliziona nikiwa bado nageuka. Upande wa kushoto, karibu na ukingo. Nikakunja mikono kifuani nikasubiri. Ataonyesha, nikawaza, na akishaonyesha hawezi tena kusema kwamba la kwanza hakuliona.

Akainama. Akaanza upande wa kulia, akaja taratibu kushoto, kidole chake kikipita juu ya nyuzi. Akafika ukingoni. Akarudi. Chini mabati yalikuwa yanakatwa. Anajifanya, nikasema. Anaigiza ili aokoe uongo wake. Akapita mara ya tatu, shingo imemlowa, na kidole chake kikapita juu ya zile nyuzi mbili, juu yake kabisa, kikaendelea bila kusita. Mtu anayeigiza, jicho linamsaliti. Kope yake haikutikisika hata kidogo. Hapo nikaelewa kwamba hakuwa amesema uongo. Hakuliona la kwanza. Hakuona hili. Hakuwa na macho ya kuliona.

"Sioni," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Mwenyekiti hakumwonyesha. "Siku ya cheti chako ulitunga nyuzi mia mbili na arobaini," akasema. "Nilikuwepo. Kitambaa hakikuwa na doa. Zilipishana ngapi ulipokuwa unatunga?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Nilikuwa nikitunga, nikichoka naenda kunywa maji. Nikirudi nakuta kumenyooka. Nilidhani nimenyoosha mwenyewe."

"Na kitanda namba tisa? Umefuma pale mwaka mzima."

Akageuka kutazama kitanda namba tisa. Jibu la hilo lilikuwa kwangu. Sikulisema mwanzo kwa sababu sikuwahi kuliona kuwa ni kitu. Kila asubuhi nafika chamani kabla ya watu wote, na kabla sijakaa kwangu napita kwenye vitanda vyote kumi na viwili, na palipo na uzi uliokaa vibaya naukalisha. Hata kwenye namba tisa. Hata siku ambazo tulikuwa tumegombana usiku kucha. Sikuwa namsaidia, msinielewe vibaya; nilikuwa siwezi kukaa chumba kimoja na uzi uliopishana. Nikamwambia Mwenyekiti hivyo, kwa maneno hayohayo, na nilivyokuwa nasema nilisikia jinsi yanavyosikika.

Kwenye mabenchi kuna waliokuwa wanatazama vitanda vyao wenyewe.

Mke wa mwanangu akanigeukia. Sikuwahi kumwona vile. Ule upole wake wote ulikuwa umekwisha, na uso uliobaki ulikuwa wa mtu aliyeibiwa kitu kikubwa akajua leo.

"Cheti changu," akasema. "Shuka zangu zote. Kila kitu nilichotundika ukutani nikamwonyesha mtoto wangu nikasema hiki amefanya mama yako."

"Nilikufundisha—"

"Hukunifundisha mimi. Ulinifumia."

Akavua aproni, akaiweka juu ya kitanda cha Mpishi, akashuka ngazi. Mwanangu akamfuata. Hakunitazama alipopita.

Mwenyekiti akasema maneno machache. Hila hakuiona, kwa hiyo sifutwi. Mkwe wangu hawezi kupewa darasa, na yeye mwenyewe hatalitaka. Mimi nimegusa kitanda mbele ya chama kizima, kwa hiyo nami nimelipoteza. Darasa la Jumamosi limefungwa mpaka apatikane mwalimu.

Watu wakaanza kuondoka, wakinipisha kwa mbali. Katika makelele yale yote Kinyozi alikuwa amerudi kwenye kitanda chake na kuendelea, kanyaga, pitisha, piga kitana. Aliponiona nimesimama peke yangu alikata uzi, akanyoosha shibiri yake moja juu ya paja. Ilikuwa imekaa kila uzi mahali pake, na hakuna mkono wangu ndani yake.

"Nimemaliza," akasema. "Mama, Jumamosi ijayo nataka nije nitande mtande mpana zaidi. Nianzie wapi?"

Miaka kumi na tisa, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali hilo. Ikanibidi nimwambie kwamba Jumamosi ijayo hakuna darasa.